Shauri la Mwalimu mbele ya Kanisa na mbele ya Taifa

Kila uingiapo mwezi wa Juni, magazeti na redio za Afrika Mashariki hutuletea habari za mahujaji wanaokusanyika Namugongo, nje kidogo ya mji wa Kampala, kuwakumbuka Mashahidi wa Uganda waliouawa kati ya mwaka 1885 na 1887 katika zama za Kabaka Mwanga. Na katika habari hizo, kwa miaka mingi sasa, hutajwa kwa taadhima jina la mtu ambaye hakuwa Mganda wala hakuuawa kwa ajili ya dini yake. Naye ni Mwalimu Julius Kambarage Nyerere, rais wa kwanza wa Tanzania, aliyefariki London tarehe 14 Oktoba 1999 na kuzikwa kwao Butiama. Mwaka 2005, baada ya Jimbo Katoliki la Musoma kuomba na Roma kuridhia, aliitwa Mtumishi wa Mungu, na tangu hapo shauri la kumtangaza mwenyeheri, na pengine baadaye mtakatifu, limo mikononi mwa wachunguzi wa Kanisa. Mahujaji kutoka Tanzania huenda Namugongo kuliombea shauri hilo, na Rais Yoweri Museveni, ambaye si Mkatoliki, amepata kuhudhuria maombi hayo na kumsifu hadharani kiongozi ambaye majeshi yake ndiyo yaliyosaidia kumng'oa Idi Amin mwaka 1979.

Mimi ni Muislamu, mtu wa pwani, na kwa hiyo sina kura wala sauti katika jambo ambalo Wakatoliki wanaliamua kwa kanuni zao wenyewe. Hata hivyo nalifuatia kwa hamu, kwa sababu mtu anayechunguzwa hakuwa wa Wakatoliki peke yao. Aliwaongoza watu wa dini zote, na wasiokuwa na dini, kwa zaidi ya miaka 20, na kumbukumbu yake ni wakfu wa umma mzima, ambao hapana jamaa mmoja awezaye kuuuza wala kuufungia mlango. Ninalotaka kulisema ni kwamba njia itumiwayo na Kanisa kumpima Mwalimu, ikifuatwa kwa insafu, ina mafunzo makubwa kwa taifa lililozoea ama kumsifu bila ya kumpima ama kumlaumu bila ya kumsikiliza; na kwamba heshima yoyote atakayopewa na dini yake haiwezi, wala haipasi, kuufunga mjadala wa taarikhi juu ya utawala wake.

Tuanze na imani yake, kwa kuwa ndiyo asili ya shauri lenyewe. Mwalimu alizaliwa Butiama mwaka 1922, mwana wa Nyerere Burito, mtemi wa Wazanaki, katika nyumba iliyofuata dini ya mababu. Alibatizwa Nyegina, karibu na Musoma, mwaka 1943, mwaka ule ule alioingia Makerere, akiwa kijana aliyekwisha kupindukia miaka 20. Hivyo Ukristo hakuurithi kwa wazazi, bali aliuchagua mwenyewe kwa akili yake. Aliporejea kutoka Edinburgh mwaka 1952 alifundisha katika shule ya Wakatoliki ya Mtakatifu Fransisko, Pugu, na mwaka 1955, ilipombidi kuchagua baina ya ualimu na siasa, aliiacha kazi na mshahara wake, ingawa alikuwa na mke na watoto wa kulisha. Katika miaka yake ya urais alikuwa akihudhuria misa ya asubuhi, aghalabu kila siku, pasipo kuifanya ibada yake kuwa tangazo. Uzeeni alizifasiri Injili zote nne na Matendo ya Mitume kwa utenzi wa Kiswahili, kazi iliyochapishwa mwaka 1996. Na kwa kufanya hivyo aliyatia maneno ya dini yake katika bahari ya ushairi ambayo malenga Waislamu wa Pate, Lamu na Mombasa walikuwa wameilea kwa karne nyingi. Mimi naihesabu kazi hiyo kuwa miongoni mwa heshima kubwa kabisa ambazo Mkristo wa bara amepata kuufanyia utamaduni wa pwani.

Walakini Mkatoliki huyu aliyefunga na kusali aliinuliwa katika siasa na mikono ya Waislamu, na wala hili si siri. Chama cha African Association kilikuwa kimeanzishwa Dar es Salaam mwaka 1929, na miongoni mwa waasisi wake alikuwamo Kleist Sykes. Mwanawe, Abdulwahid Sykes, ndiye aliyekuwa kiongozi wa chama hicho pale Nyerere alipochaguliwa kuwa rais wake mwaka 1953, mwaka mmoja kabla ya chama hicho kugeuzwa kuwa TANU tarehe 7 Julai 1954. Wazee wa mji walimpokea mgeni kutoka Mara kama mwana wao, masheikh wakamwombea dua, na Bibi Titi Mohamed, mwimbaji wa lelemama, akawatoa wanawake majumbani kwa maelfu wakamfuate mwalimu asiyekuwa wa kabila lao wala wa dini yao. Mtu awaye yote akitaka kuandika sira ya Nyerere akaishia Nyegina, Pugu na misa za asubuhi, asifike Kariakoo kwa wazee hao wa Dar es Salaam, atakuwa ameandika nusu ya kisa.

Sasa tuitazame njia ya Kanisa, kwani wengi tusiokuwa Wakatoliki hudhani kwamba Papa humchagua marehemu aliyependwa na watu akamtangaza kwa neno moja. Shauri la namna hii halifunguliwi kwa kawaida mpaka ipite miaka 5 tangu mtu afe, ili jazba za mazishi zipoe. Kisha askofu huweka baraza. Kila alichokichapisha marehemu hukusanywa na kusomwa na wataalamu wa dini. Wanataarikhi hutafuta barua na nyaraka. Na mashahidi huitwa, wakaapishwa, wakahojiwa mmoja mmoja. Kanuni zinaamuru kwamba wasioliafiki shauri nao waitwe, na kwamba neno lililo kinyume lisifichwe. Tangu mwaka 1587 alikuwako Roma ofisa maalumu, ambaye watu walimpa lakabu ya wakili wa Ibilisi, na kazi yake ilikuwa ni kuzitafuta hoja zote za kumpinga anayependekezwa; cheo chake kilipunguzwa nguvu na Papa Yohane Paulo II mwaka 1983, lakini wajibu wa kuusikiliza upande wa pili haukufutwa. Baada ya hayo jalada hupelekwa Roma, na huko huulizwa kama mtu huyu aliishi, kwa daraja ya kishujaa, fadhila saba ambazo Wakatoliki hufundishwa: imani, matumaini na mapendo, kisha busara, haki, nguvu na kiasi. Akithibitika, bado hutakiwa muujiza mmoja, uliochunguzwa na madaktari, ili aitwe mwenyeheri. Na muujiza wa pili ili aitwe mtakatifu.

Yuko Mwafrika mwingine, aliyezungumza Kiswahili kama sisi, ambaye shauri lake lilikwisha karibuni, na kwa kumweka kando ya Mwalimu tunaweza kuona ugumu ulipo. Tarehe 15 Juni 2025, huko Roma, alitangazwa mwenyeheri Floribert Bwana Chui, kijana wa Goma, Kongo, aliyekuwa mfanyakazi wa ofisi ya serikali inayokagua bidhaa mpakani. Alikataa rushwa aliyopewa ili aruhusu chakula kilichoharibika kipite kikauzwe kwa watu, na kwa kukataa kwake aliuawa mwezi wa Julai 2007, umri wake ukiwa miaka 26 tu. Kanisa lilimhesabu kuwa shahidi, na shahidi hatakiwi muujiza ili aitwe mwenyeheri. Kisa chake ni kitendo kimoja kilicho wazi kama mchana, na hapana hata mmoja miongoni mwetu, Muislamu kwa Mkristo, asiyekiri kwamba kijana huyo alikuwa bora kuliko wengi wanaokaa katika ofisi zetu.

Mtawala hapimwi kwa kitendo kimoja. Maisha yake ni maelfu ya amri, na katika kila amri wamo walionusurika na wamo walioumia. Upande mmoja wa mizani ya Mwalimu umejaa mambo yasiyokanushika. Mwaka 1966 aliupunguza mshahara wake kwa asilimia 20. Mwaka 1967 Azimio la Arusha liliwakataza viongozi kuwa na mishahara miwili, hisa za makampuni na nyumba za kupangisha, naye akawa wa kwanza kulitii. Na alipong'atuka mwaka 1985 hakuacha nyuma yake utajiri uliochumwa kwa cheo. Aliwapokea wakimbizi wa Msumbiji, Rwanda na Burundi, na wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika. Na alipokuwa mgonjwa tayari, alikuwa bado akiwapatanisha Warundi mjini Arusha. Aliwaunganisha watu wa makabila zaidi ya 120 kwa lugha moja, na akamwachia urais Mzee Ali Hassan Mwinyi, Muislamu kutoka Zanzibar, kwa amani ambayo nchi nyingi za Afrika ziliitamani.

Upande wa pili nao haukubali kunyamaziwa. Sheria ya kuweka watu kizuizini bila ya kuwashitaki ilipitishwa mwaka 1962, naye ndiye aliyeitumia; Abdulrahman Mohamed Babu, aliyekuwa waziri wake, alikaa gerezani tangu 1972 hata 1978. Mwezi wa Novemba 1973 alitangaza kwamba kuishi katika vijiji ni amri, na katika miaka iliyofuata mamilioni ya wakulima walihamishwa, wengine kwa ridhaa, wengine kwa nguvu, mahali pengine nyumba zao zikichomwa moto ili wasirudi. Bibi Titi, yule yule aliyewatoa wanawake majumbani, alihukumiwa kifungo cha maisha mwaka 1971 kwa shitaka la uhaini, kabla ya kusamehewa na Mwalimu mwenyewe mwaka uliofuata. Sheikh Suleiman Takadir, mwenyekiti wa baraza la wazee la TANU, alifukuzwa chamani mwaka 1958 baada ya kuuliza hadharani juu ya mahali pa Waislamu katika serikali ijayo. Mwaka 1968 jumuiya ya Waislamu iliyojulikana kwa ufupi wa jina lake kama EAMWS ilipigwa marufuku, Sheikh Hassan bin Amir akarejeshwa Zanzibar, na baraza jipya la Waislamu, BAKWATA, likaundwa mahali pake. Wapo watakaosema kwamba hayo yalikuwa ni mambo ya usalama na umoja wa nchi changa, na hoja hiyo ina uzito wake. Lakini wapo wazee wengi wa misikitini waliokwenda kaburini na uchungu huo, na uchungu wa watu waliokusaidia si jambo la kufutwa kwa hoja.

Tena yafaa tukumbuke kwamba mwaka wa 1969 na uliofuata, serikali ya Mkatoliki huyu ilizitaifisha kwa sheria shule za misheni, zikafunguliwa kwa watoto wa dini zote. Waislamu wengi wa umri wangu walisoma katika madarasa yaliyojengwa kwa sadaka za Wakristo, kwa sababu ya sheria hiyo. Wapo basi Wakristo waliomwona kuwa amewanyang'anya, kama walivyokuwapo Waislamu waliomwona kuwa amewadhulumu. Na mtu anayetaka kuufanya utawala wake kuwa utawala wa dini moja juu ya nyingine hana budi kueleza mambo yote mawili kwa pamoja.

Hapa nakumbuka ilimu moja tuliyoachiwa na maulamaa wa Kiislamu, nayo ni ilimu ya kuwapima wapokezi wa hadithi. Katika dini yetu kumsengenya mtu ni haramu, na marehemu hutajwa kwa wema. Walakini maulamaa walipokuwa wakikusanya maneno ya Mtume, walijua kwamba si kila aliyesema amesikia alikuwa amesikia, wala si kila mchaji Mungu alikuwa na hifadhi nzuri ya moyo. Basi wakajiwekea kanuni kwamba kuutaja udhaifu wa mpokezi, kwa haja na bila ya chuki, si kusengenya bali ni nasaha kwa umma. Vitabu vya wasifu wa wapokezi vinasimulia kwamba Ali bin al-Madini, mmoja wa walimu wa Imamu Bukhari, aliulizwa juu ya baba yake mzazi, naye, baada ya kusitasita, akamtaja kuwa ni dhaifu katika mapokezi, kwa kuwa jambo lenyewe lilikuwa ni la dini. Hakuacha kuwa mwana wa baba yake kwa kusema hivyo, wala baba hakuacha kuwa mcha Mungu. Nami naona kwamba mtu anayemwita Nyerere Baba wa Taifa hana mfano bora wa kuufuata kuliko huo: kumheshimu mzazi na kuisema kweli ni mambo yanayoweza kukaa katika kifua kimoja.

Kumbe basi dini hizi mbili, kila moja kwa njia yake, zimekwisha kutufundisha kwamba kumtukuza mtu na kumchunguza havipingani, na kwamba sifa isiyopita katika mahojiano haina thamani kwa anayesifiwa. Siasa ndiyo isiyopenda fundisho hili. Tanzania ina siku ya mapumziko ya Nyerere kila tarehe 14 Oktoba, ina uwanja wa ndege, daraja la Kigamboni na bwawa kubwa la umeme la Rufiji vyenye jina lake, na mwezi wa Februari 2024 sanamu yake ilizinduliwa mbele ya makao ya Umoja wa Afrika huko Addis Ababa. Hayo yote ni halali yake. Lakini ufikapo wakati wa uchaguzi, wagombea wa kila chama humfanya shahidi wao: mwenye madaraka humnukuu ili wananchi watulie, mpinzani humnukuu ili wananchi waamke, na hapana hata mmoja anayetuambia ni jambo gani la Mwalimu asilokubaliana nalo. Mtu akitumiwa kuthibitisha kila hoja huwa amenyang'anywa hoja zake mwenyewe.

Hofu yangu ni kwamba cheo cha utakatifu, kikimfikia mapema na kikipokewa na wanasiasa kwa mikono miwili, kitageuzwa kuwa ngao. Mkulima wa Dodoma atakayesimulia jinsi familia yake ilivyohamishwa ataambiwa kwamba anamtukana mtakatifu. Kijana Muislamu atakayeuliza juu ya mwaka 1968 ataambiwa kwamba analeta udini. Na mtafiti atakayeomba kufunguliwa nyaraka ataonekana kama anayefukua kaburi. Hatari ya pili iko upande wetu: kwamba Waislamu wengine, wakiliona Kanisa linamkweza mtu wanayemdai, watakana hata mema ambayo wao wenyewe waliyafaidi. Kwa kila upande kumbukumbu itakuwa imegeuka kuwa bendera ya kundi, na Mwalimu, aliyetumia hotuba zake za uzeeni, hasa za mwaka 1995, kuonya juu ya udini na ukabila, atakuwa amefanywa chombo cha udini ule ule.

Lakini taarikhi ya Kanisa lenyewe inaonyesha kwamba si lazima iwe hivyo. Thomas More, waziri wa Mfalme Henry VIII wa Uingereza, alikatwa kichwa mwaka 1535 kwa kuishika dhamiri yake, akatangazwa mtakatifu mwaka 1935, na mwaka 2000 akafanywa msimamizi wa wanasiasa na watawala. Na bado wanataarikhi hawajaacha kuandika juu ya watu waliochomwa moto kwa shitaka la uzushi katika miaka aliyoshika madaraka. Kanisa limesema neno lake juu ya roho yake, na elimu inaendelea kusema neno lake juu ya kazi yake.

Na Mwalimu mwenyewe angekubali kupimwa hivyo, kwani alianza kazi hiyo angali hai. Mwaka 1977, miaka 10 baada ya Azimio la Arusha, aliandika tathmini ambayo ndani yake alikiri kwamba Tanzania ilikuwa haijawa nchi ya kijamaa wala haijajitegemea. Na mwaka 1984 alisema wazi kwamba kuzivunja serikali za mitaa na vyama vya ushirika lilikuwa kosa. Wakuu wa nchi wa zama zake waliothubutu kusema hivyo wakiwa bado madarakani walikuwa wachache mno. Kama unyenyekevu ni fadhila ya watakatifu, basi ungamo hilo lina uzito zaidi kuliko sanamu zote za shaba, na wale wampendao kwa dhati wangepaswa kulisoma kwa sauti kila tarehe 14 Oktoba.

Wajibu wetu basi unajulikana. Kanisa liachiwe limalize kazi yake kwa wasaa wake, ikichukua miaka mingi au karne, pasipo kusukumwa na serikali yoyote; na mashahidi watakaoitwa wawe pamoja na wazee wa Kariakoo, waliokuwa kizuizini, na waliohamishwa vijijini, kwa kuwa kanuni zake zenyewe zinataka hivyo. Taifa nalo lifungue baraza lake la ushahidi, lisilohitaji muujiza wala idhini ya Roma: vyuo vikuu, misikiti, makanisa na magazeti vikusanye maneno ya watu waliouona utawala ule kwa macho yao, wa kusifu na wa kulaumu, kabla kizazi hicho hakijatutoka, na nyaraka za serikali za miaka ile zifunguliwe kwa wasomi. Siku Wakatoliki watakapotangaza kwamba mwenzao yumo miongoni mwa watakatifu wao, mimi nitakuwa wa kwanza kuwapa mkono wa pongezi, nikijua kwamba wamemtukuza baada ya kuwasikiliza waliomlalamikia; na hapo nitawadai Watanzania wenzangu wa dini zote wamfanyie Mwalimu, katika vitabu vya shule na katika majukwaa ya siasa, uadilifu ule ule ambao Kanisa lake halikuona haya kumfanyia.